Nakili, Gawa, Usiuze

Mama mkwe alipoanguka bafuni, mwalimu wa darasa la nne aliomba likizo ya mwezi mmoja. Barua aliiandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akaipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na hakuwa na shaka kwamba mwezi ukiisha atarudi. Sweta lake aliliacha juu ya kiti. Chaki zake aliziacha kwenye kopo.

Mwezi ukaisha, ukaja wa pili. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wa kulia wa yule mama, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "Jumanne." Akitaka maji, Jumanne. Akitaka choo, Jumanne. Akikasirika, Jumanne nne tano mfululizo kama mtu anayegonga mlango. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo: akili ipo, anaelewa kila kitu, ila maneno hayapati njia ya kutokea. Majirani waliokuja kumjulia hali hawakuridhika na maelezo hayo. Wakishuka ngazi walisikika wakiulizana huyo Jumanne alikuwa nani hasa, na kama marehemu mzee alikuwa na habari naye.

Kikao cha familia kilifanyika mara moja tu, siku ya pili baada ya hospitali, na kiliisha kabla chai haijapoa. Mume alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi; alisema ofisi yao haina mchezo na watoro. Dada yake, yaani wifi, aliishi mji mwingine na alihudhuria kwa simu.

"Wifi yangu, wewe una moyo," ilisema simu. "Mimi ningekuwa karibu ningemlea mwenyewe."

Mwalimu alisema, "Haya," kwa sababu alidhani anasema haya kwa mwezi mmoja.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, ngazi nyembamba zenye kona. Kiti cha magurudumu kilipandishwa na wanaume wanne siku ya kwanza na hakikushuka tena. Kwa kuwa hakikupita kwenye mlango wa chumba cha kulala, kitanda cha mama kiliwekwa sebuleni, kochi likasukumwa ukutani, na mwalimu akaanza kuishi kati ya kitanda kile, jiko na bafu. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Mume aliondoka saa moja asubuhi, akarudi jua likiwa limekwisha kuzama. Mwalimu alitoka nje pale tu mama aliposinzia baada ya chakula cha mchana, robo saa kwa kukisia, akishuka ngazi mbio na kupanda mbio, masikio yakiwa juu.

Mwezi wa tatu mwalimu mkuu alipiga simu. Nafasi yake, alisema, imeshikwa na mwalimu wa muda, asijali. Lakini kuna jambo. Mvua ilikuwa imevunja daraja, na watoto wa ng'ambo ya mto hawakuweza kufika shule.

"Huwezi kuwaandalia kitu cha kufanya nyumbani? Hata karatasi mbili."

Aliandaa kumi na mbili. Hesabu, sayansi, kusoma, maarifa ya jamii, hata michezo ya kuruka na kuhesabu kwa wadogo. Aliandika kila somo kwa namna ambayo mzazi asiyejua kitu angeweza kumsimamia mtoto, na mtoto asiye na mzazi nyumbani angeweza kujisimamia mwenyewe. Kwa wasioweza kuchapisha alirekodi ujumbe wa sauti, akiwa amejifungia bafuni ili Jumanne za sebuleni zisiingie. Mwenye duka la fotokopi pale chini, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikutakata, alitoa nakala za kwanza. Chini ya kila karatasi mwalimu aliandika maneno matatu: Nakili, gawa, usiuze.

Nao wakanakili. Mzazi mmoja alimtumia binamu yake mwalimu, binamu akawatumia wenzake, na kabla daraja halijatengenezwa karatasi zilikuwa zimefika shule ambazo mwalimu hakuwahi kusikia majina yake. Kuna waliofundishia darasani, kuna waliosomesha kwa simu. Walimwandikia: tutumie za darasa la tano, tutumie za hesabu za sehemu, je, una za kilimo? Alizitengeneza. Alikuwa na saa nyingi na hakuwa na pa kuzipeleka.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kivuli. Mtoto asimamishe kijiti mahali penye jua, apime kivuli kila saa, achore. Mwalimu alilijaribu kwa kalamu iliyochomekwa kwenye kopo la mchanga juu ya sakafu ya sebule, mahali jua lilipopenya kati ya nondo za dirisha. Lilikuwa likiingia saa tatu na kutoka saa saba, na alijua kwa dakika litagusa mguu wa kitanda saa ngapi. Siku moja mwalimu wa mbali akamtumia ujumbe: "Hongera sana. Inaonekana wewe ni mtu wa kutembea nje." Aliusoma akiwa amesimama mlangoni mwa bafu, mkononi ameshika chombo cha mama cha haja ndogo.

Hapa ni lazima niseme yule mama alikuwa nani kabla ya kuanguka. Alikuwa mkaguzi wa shule. Miaka ishirini aliingia madarasa ya watu bila hodi, akaketi nyuma na daftari jeusi, na walimu wazima wakatetemeka. Aliwahi kukaa nyuma ya darasa la mwalimu huyuhuyu, wakati huo akiwa msichana wa mwaka wa kwanza kazini, bado hajajuana na mwana wa mkaguzi huyo. Ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: "Mwalimu anaongea kuliko wanafunzi wote kwa pamoja." Ndoa ilipokuja, hakuna aliyeutaja mstari ule, na hakuna aliyeusahau.

Kwa hiyo mwalimu alipomtengenezea kadi za picha zilizotokana na karatasi za darasa la kwanza, kikombe, mlango, dawa, shuka, alizipanga juu ya blanketi kwa heshima zote.

"Mama, ukitaka kitu, gusa kadi yake. Tujaribu. Maji yako wapi?"

Mama alizitazama zile kadi. Akazifagia zote kwa mkono wa kushoto zikatawanyika hadi chini ya kochi.

"Jumanne," alisema, na safari hii kila mtu angeelewa.

Mwalimu aliziokota akiwa amepiga magoti. Hakuzitoa tena. Aliona aibu, akaona hasira, kisha akaona kwamba hata yeye, akiwa na miaka sabini na moja, nusu ya mwili ikiwa imemkimbia, asingependa kufundishwa kikombe.

Wiki chache baadaye alikosa nafasi mezani, akapanga karatasi za hesabu kitandani miguuni kwa mama, akaenda kuangalia sufuria. Aliporudi, penseli ilikuwa katika mkono wa kushoto wa mama, na karatasi ya sita, nakala safi aliyoisubiri Wino, ilikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Mama! Sasa nitaanza upya yote hii?"

Mama hakumtazama. Aligonga mkwaruzo kwa ncha ya penseli, mara mbili. Mwalimu akainama. Swali la nne: basi liliondoka saa mbili asubuhi likafika saa nane mchana, lilisafiri kwa saa ngapi? Mwongozo wa majibu ulisema tano. Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Sita.

Karatasi ile ingekwenda kwa shule zaidi ya mia.

Tangu siku ile hakuna karatasi iliyotoka ndani ya nyumba bila kupita kitandani. Mama alivaa miwani, akalalia mito mitatu, akasoma mstari kwa mstari. Kosa lilipata mkwaruzo. Swali zuri halikupata kitu. Mara moja tu aliweka alama ya vema, kubwa, iliyopinda, kwenye somo la kupima ujazo wa jiwe kwa kutumia bakuli la maji, na mwalimu alijikuta akiificha karatasi ile kwenye kabati la nguo. Wasingeweza kuitwa marafiki. Walikuwa watu wawili wanaofanya kazi moja ndani ya chumba kimoja ambacho hakuna kati yao aliyeweza kutoka.

Barua ilikuja mwisho wa muhula wa tatu, kutoka kituo cha walimu. Walikuwa wanaanzisha kitengo cha kuandaa karatasi za bure za masomo yote, za darasani na za nyumbani, na walimtaka akiongoze. Angekuwa na ofisi na walimu sita chini yake, na angetembelea shule kuona masomo yanavyotumika. Walitaka jibu ndani ya siku kumi. Aliisoma barua jikoni, akaisoma tena bafuni, akanawa uso.

Mume alifurahi kweli. Alimshika mabega, akamwita mke wake mwenye akili. Kisha akakaa, akavua viatu.

"Ila si unaweza kuifanya hapahapa?"

"Barua inasema ofisini. Na kutembelea shule."

"Barua inaandika tu. Wewe mwenyewe umeshawaonyesha. Mwaka mzima umefanya kazi ya kituo kizima ukiwa hapa, na mama anahudumiwa, na mimi nakula chakula moto. Waambie hivyo. Hawawezi kukataa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila karatasi aliyoitoa nje ya nyumba ile ilikuwa ushahidi kwamba hahitaji kutoka nje ya nyumba ile. Angekuwa mvivu, angekaa tu anatazama dari, labda leo wangesema huyu maskini atachakaa, atafutiwe mtu wa kumsaidia. Alikuwa amejijengea ukuta kwa mikono yake, na kila tofali lilikuwa na mwandiko wake mzuri.

"Tutafute msaidizi," alisema.

"Tulijaribu. Mama alimtemea uji."

Wifi naye akapiga simu jioni hiyohiyo, maana habari zilikuwa zimemfikia. "Wifi, nakupongeza. Lakini mama amekuzoea wewe. Ukimwachia mtu baki, hatamaliza mwezi. Utaweza kuishi na hilo moyoni?"

Tangu hapo mwalimu alianza kumchukia mama mkwe, naye alijua anamchukia. Hakumnyima kitu. Alimgeuza kwa wakati, alimwogesha, alimpaka mafuta visigino. Lakini alifanya kwa mikono ya mtu anayefunga mizigo. Asubuhi ya siku ya sita alikuwa anamlisha uji huku mawazo yakiwa kwenye ile ofisi yenye walimu sita, akiharakisha kijiko baada ya kijiko, mama hajameza, na kijiko kikagonga jino. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kokoto kwenye kikombe.

Mama alimtazama. Hakusema hata lile neno lake. Uji ulimtiririka kidevuni, na jicho la kushoto, lile zima, likamtazama mwalimu kwa muda mrefu bila hasira yoyote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu alimfuta. Akaenda jikoni, akafungua bomba hadi mwisho, akalia.

Jumapili mchana mume alisema suala hilo limalizwe. Aliketi kwenye kochi. Mwalimu aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Wifi alikuwa kwenye simu, na kwa kuwa meza ilijaa karatasi, simu ikawekwa juu ya blanketi, magotini kwa mama. Ikawa wifi anazungumza kutoka kwenye mapaja ya mama yake.

"Mimi naona aandike barua ya kushukuru," ilisema simu. "Kwa adabu. Aseme hali ya mgonjwa hairuhusu."

"Au waniletee kazi nyumbani kwa muda," alisema mume. "Yaani wamletee. Mpaka mama atakapo..." Akakwama.

"Mpaka mama atakapo nini?" aliuliza mwalimu.

Mume akageuza mto wa kochi.

"Jumanne," alisema mama.

"Tulia mama, tunazungumza," alisema mume.

"Jumanne. Jumanne."

"Mpe maji," ilisema simu.

Mwalimu alinyanyuka kwenda kuchukua maji, na alipokuwa ameshika jagi ndipo alipoliona jambo lililokuwa mbele ya macho yao mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wakisema mama hataki, mama amezoea, mama atakufa, na mwenyewe yuko pale, na miwani yake puani. Na yeye, mwalimu, ambaye kazi yake ni kumuuliza mtu asiyeweza kueleza anachokijua, hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Aliliweka jagi chini. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa:

Mchana nani akae na wewe?
A. Mwalimu
B. Msaidizi
C. Nihamie kwa binti yangu

Akaweka karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga, akampa mama penseli.

"Unamfanyia mama mtihani?" mume alishangaa.

"Ndiyo."

"Kuna nini hapo?" ilisema simu. "Mtihani gani?"

Mama alisoma. Alisoma polepole, kama alivyosoma kila karatasi, kana kwamba hata hii ilikuwa inakwenda kwa shule mia. Kisha akaifuta A. Aliifuta kwa mistari ya kwenda na kurudi, kwa nguvu, hadi karatasi ikatoboka, na mwalimu hakujua kama amefurahi au amefukuzwa.

"Amechagua nini?" ilisema simu. "Jamani, amechagua nini?"

"Amefuta A," alisema mume.

"A ni ipi?"

Kwenye B mama aliweka kijistari kidogo, namna wakaguzi wanavyoweka pale jibu linapostahili nusu alama. Kwenye C upande mzima wa mdomo wake ulipanda juu kidogo, na penseli ikapita bila kusimama. Ikafika chini ya C. Hapo, kwa mkono usio wake, kwa jasho na pumzi nzito, akachora herufi D. Ilikuwa imeanguka chali, lakini ilikuwa D. Mbele yake hakuandika kitu. Aliinua penseli, akainyoosha kumwelekea mwanawe pale kwenye kochi.

Mume alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi?"

Mama aligonga karatasi mara mbili.

"Mama, mimi nina kazi. Mama, mimi mwanamume, nitakuogeshaje?"

"Msaidizi atamwogesha asubuhi kabla hujaamka vizuri," alisema mwalimu. "Wewe utakuwepo tu. Utamlisha."

Simu ikakohoa. "Kusema kweli, kaka, hizo ramani si unachora kwenye kompyuta?"

"Na wewe je?"

"Mimi niko mbali."

"Wewe siku zote uko mbali! Uko mbali tangu mzee anaumwa!"

Wakagombana ndugu hao wawili juu ya mapaja ya mama yao, wakataja mambo ya miaka kumi iliyopita, na mama akafumba macho. Mwalimu alikwenda jikoni kuosha vyombo. Akavunja sahani moja.

Siku tatu mume hakuongea zaidi ya salamu. Siku ya kumi ya barua alirudi mapema, kompyuta ya ofisini kwapani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu.

"Mkuu wangu amenipa siku mbili kwa wiki," alisema bila kumwangalia. "Zaidi ya hapo hawezi."

Siku mbili za mume, na moja ya msaidizi mpya waliyempata mtaani, peke yake. Mwalimu aliwaandikia kituo kwamba anaweza siku tatu, siyo tano, na asingeweza kulala safarini. Walimjibu kwamba watamjaribu kwa muhula mmoja, na kwamba suala la kuongoza kitengo lisubiri kwanza. Aliyafikiria maneno hayo kwa muda. Akakubali.

Asubuhi ya kwanza alishuka ngazi taratibu, bila kukimbia, na miguu ikamshangaa. Barabarani alisimama ukingoni kwa muda mrefu. Pikipiki zilipita, magari yakapita, na alikuwa amesahau jinsi mtu anavyopima mwendo wa kitu kinachokuja kabla ya kuvuka. Mama mmoja mwenye kapu akamshika kiwiko, wakavuka pamoja.

Kituoni walimu wanne kati ya sita waliijua sauti yake kabla ya kumjua sura. "Kumbe ni wewe!" alisema mmoja. "Mimi nilidhani wewe ni bibi mzee fulani uko mahali patulivu." Walicheka wote, naye akacheka, na asubuhi ile wakaanza na karatasi za darasa la pili. Mume alimpigia simu mara nane kabla ya saa sita. Kitambaa cha kidevuni kiko wapi? Uji uwe mzito kiasi gani? Amesema Jumanne, ina maana gani? Ya tisa ilipoita aliizima, akakaa nusu saa hasikii wenzake wanasema nini.

Alirudi kwa miguu. Alipofika kona ya ngazi za ghorofa ya pili aliwasikia juu, mlango ukiwa wazi: sauti ya mume ikibembeleza, ikikasirika, ikibembeleza tena, na sauti ya mama juu yake, Jumanne, Jumanne. Kitu cha bati kilianguka kikazunguka sakafuni. Mwalimu aliketi kwenye ngazi, mkoba mapajani.

Jirani wa ghorofa ya nne alikuwa anashuka. Akasimama.

"Umechoka, mwalimu?"

"Nimechoka kidogo."

"Basi pumzika," alisema jirani, akajibana ukutani akampita.

Akapumzika. Alisikia mlango wa chini ukifunguliwa na kufungwa, na sauti za barabarani zikaingia mara moja, zikakatika. Kisha akashika reli ya ngazi, akasimama, akapanda.